Nilimtupa Paka wa Mke Wangu, Sasa Simtambui

Mshauri Tecla,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wenyeviti wa kijiji watano na mapadre wawili, nimeuona ugonjwa uliomaliza migomba ya baba yangu na nikapanda mingine, na mwaka ule wa wakimbizi, miti ya Ngara ilipokwisha yote kwa kuni, mikaratusi yangu kumi na minne ilibaki imesimama kwa sababu nilikaa chini yake na panga mwezi mzima. Meno yangu ni yangu. Nalima mwenyewe. Kwa hiyo usifikiri anayekuandikia ni mzee wa kuonewa huruma, nataka tu unisaidie jambo moja dogo, ni jambo la paka, na naona aibu hata kuliandika.

Naandika kwa mkono wangu. Niliishia darasa la tatu, lakini darasa la tatu la wakati ule linashinda vidato vyenu vya sasa. Mjukuu wangu Happy alitaka kuniandikia kwenye simu nikamkatalia, maana angetia maneno yake.

Natoka Mabawe. Mke wangu anaitwa Melania, tumekaa pamoja miaka arobaini na saba. Miaka minne iliyopita alileta paka wa mistari, sikumkataza kwa sababu panya walikuwa wanakula mbegu, lakini yule paka akaanza kupewa cheo, akapewa maziwa kabla yangu, akapewa kitambaa chake cha kulalia, na mwisho akachukua kiti changu, kiti nilichokichonga kwa mkono wangu, ambacho hata mkwe wangu haketi. Siku moja mwezi wa tatu nimetoka kupalilia maharage tangu asubuhi, mgongo unawaka, namkuta kwenye kiti. Nikamwambia Melania amtoe. Akasema, "Mwache, mzee, amechoka."

Amechoka. Mshauri, rudia kulisoma hilo neno taratibu. Mimi nimetoka shambani, paka ndiye amechoka.

Kesho yake Melania akiwa kwenye jumuiya nikafanya walivyofanya baba zetu. Kwetu paka hauawi, hilo hata mtoto anajua, unamtia kwenye gunia, unafunga mdomo, unalizungusha mara tatu asishike njia ya kurudi, halafu unampa mtu anayekwenda mbali amfungulie huko. Nikampa Protasi, anayepeleka ndizi Biharamulo kwa Fuso. Melania aliporudi nikamwambia sijamwona.

Akamtafuta siku nane. Alipita kwa majirani wote, alishuka bondeni, aliita mpaka sauti ikakauka, na mvua ilikuwa inanyesha. Siku ya nne nikaona nikiendelea kukaa tu atanishuku, nikachukua fimbo yangu nikatafuta naye. Nikamwonyesha kichaka kule chini nikamwambia, "Jaribu pale, nimesikia kama kilio." Akaingia, akatoka na miiba mikononi. Nakueleza haya ujue kwamba sikukaa bure, nilishughulika. Siku ya nane akasema labda ameliwa na fisi, nikasema labda. Akaanza kukohoa. Kaka yake Pancras akaja kutoka Nyantakara akamchukua akaugulie huko.

Mwezi wa tano akapona. Sasa ni mwezi wa nane na hajarudi. Nikimpigia Pancras ananijibu vilevile kila mara, "Shemeji, dada anakusalimia, anasema bado." Bado nini, hasemi. Nakula viazi vya kuchoma kama mchunga ng'ombe, nguo najifulia, na kile kiti sasa ni changu peke yangu na sikikalii.

Nikafikiri kiume. Nikasema nitamrudisha paka, nitasema nimezunguka wilaya mbili nikamkuta mwenyewe, Melania atarudi mbio na kunisifu. Nikambana Protasi. Akasema, "Nilimfungulia sokoni Biharamulo, mzee, yule mama mwenye nyumba ya paka akamchukua palepale, na mimi akanitukana."

Nyumba ya paka. Nilidhani ananitania. Nikapanda gari, nikafikia kwa Happy, ambaye anashona nguo pale mjini, nikamuuliza, akasema ndiyo, ipo, watu wanakwenda kujitolea. Mshauri, mimi kujitolea nakujua. Nimebeba mawe ya zahanati kichwani, nimechimba msingi wa shule ya Mabawe mpaka kucha zikang'oka. Sasa nikamwuliza Happy hawa wanaojitolea kwa paka wanabeba nini, akasema wanawachana manyoya. Nikatoka nje nikapumua kwanza.

Mwenye nyumba ni Suzana, alikuwa afisa mifugo akastaafu, akageuza ghala la marehemu mume wake. Mtu aliyesomeshwa na serikali kutibu ng'ombe anamalizia maisha yake na paka thelathini na moja, wana rafu zao, wana mabeseni ya majivu na mchanga ya kwendea haja, wanapikiwa dagaa na ugali laini, wanatiwa dawa ya macho, wanapewa dawa ya minyoo, wanahasiwa kama maksai, ila maksai angalau analima. Niliingia na gunia langu kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimefuata paka wangu."

Kabla hajanijibu nikasikia kishindo. Paka wote walikuwa wamekimbia. Wengine wamepanda kenchi, wengine wameingia nyuma ya rafu, mmoja ameacha mkojo palepale. Thelathini na moja, na sikuona hata mkia. Suzana akalitazama kwapa langu.

"Mzee, hilo gunia la nini?"

"La kubebea paka."

"Nani kakufundisha kubeba paka kwa gunia?"

"Nani asiyejua?"

"Ndiyo maana wako hapa," akasema. "Karibu wote wamekuja na gunia. Kaliache nje, tena mbali."

Nikaliacha. Akaniuliza paka wangu ana jina gani, nikasema Paka. Akaniuliza alipoteaje, nikasema vibaya. Akaandika kwenye daftari lake, halafu akaniambia pale hatoki paka na mtu ambaye hawajauona mkono wake, nijitolee wiki mbili kwanza. Nilitaka kuondoka. Nikakumbuka viazi vya kuchoma.

Basi nimeosha mabeseni, mimi, mzee wa kanisa. Nimechambua vichwa vya dagaa. Na kazi yao kubwa, sikiliza, ni kukaa. Kuna chumba cha paka waoga, unaingia unakaa kwenye stuli saa nzima, huruhusiwi kusema kwa nguvu wala kumgusa paka wala kumtazama machoni, unakaa tu wakuzoee. Serikali ikisikia watu wazima wanafanya hivi saa za kazi sijui itasema nini. Lakini nikifanya kitu nakifanya. Vijana wanaojitolea huwaita kwa sauti nyembamba kama wanaumwa tumbo, hawapati kitu. Mimi nilikaa nikawadharau hao paka. Siku ya sita akaja mmoja wa mistari akalala juu ya mguu wangu wa kushoto. Suzana akasema wengine huchukua mwezi. Nikamwambia wengine si mimi.

Wiki mbili zimeisha, mkono wangu umeonekana. Suzana anasema nichague paka wangu. Na hapa ndipo nilipokwama. Wa mistari wako watatu. Wote waliokotwa sokoni mwezi wa tatu. Nimewatazama kwa mbele, nimewatazama kwa nyuma. Wote ni wa mistari. Miaka minne yule mnyama alikaa kwenye kiti changu, na mimi nilikuwa nakitazama kiti.

Kwa hiyo swali langu ni fupi. Mtu afanye nini amtambue paka wa mke wake bila kumuuliza mke? Na je, nikimchukua yule wa mguu wa kushoto, ambaye naona ndiye mwenye akili kuliko wenzake, mwanamke wa miaka sabini na mmoja atajua tofauti? Usinipe mambo ya dini, padre ninaye.

Rogasian, wa Mabawe, kwa sasa Biharamulo

JIBU

Shikamoo mzee Rogasian. Hiyo ni heshima ya umri wako. Barua yako haijaistahili.

Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole, nikitafuta mahali ulipomwuliza Melania jambo lolote. Sijapaona. Nimeona mikaratusi kumi na minne, umeihesabu. Nimeona kiti, unajua nani anakikalia na nani hakikalii. Macho ya paka aliyeishi nyumbani kwako miaka minne hujui yana rangi gani, na macho ya mkeo siku ile alipotoka kichakani na miiba hukuyaandika, kwa hiyo nadhani hukuyatazama.

Kumtia paka guniani ni ukorofi wa nusu saa. Wazee wengi wamefanya, nao walikosea kama wewe. Lakini kusimama kwenye mvua ukamwonyesha kidole mwanamke wa miaka sabini na mmoja, ukamwingiza kwenye miiba ukijua hamna kitu, halafu ukaniandikia mimi kwamba ulishughulika! Mzee wangu, hilo nililisoma nikaweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Unauliza kama atajua tofauti. Atajua kabla hujafika mlangoni. Mwanamke anayemwambia mume wake "bado" miezi mitatu hana shida ya paka. Anasubiri kusikia kitu, na kila ukipiga simu unaongea na Pancras. Umewahi kusema, "Pancras, mpe simu mke wangu"? Ukimpelekea paka wa watu utakuwa umemdanganya mara ya tatu, na safari hii nyumbani kwa kaka yake, mbele ya watoto wa ukoo wao.

Nakupa alama moja tu. Mwanaume asiyemtaka mkewe asingekaa kwenye stuli ile hata robo saa. Wewe umekaa wiki mbili. Tatizo ni kwamba anayejua hivyo ni Suzana na paka thelathini na moja.

Sasa fanya hivi. Wiki hii uende Nyantakara. Usibebe paka, usibebe gunia, usibebe sukari wala khanga, kwa sababu ukiwa na kitu mkononi utakisema hicho. Ukifika, kabla hujaketi, kabla hujapewa maji, mwambie ulimtoa paka wewe, ulimpa Protasi, na siku ya kichaka ulijua. Sema kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kiswahili cha barua kina kona nyingi za kujifichia, nimekiona chako. Ukimaliza, nyamaza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Akinyamaza, nawe nyamaza, hiyo kazi tayari umefundishwa na paka waoga, na unajisifu unaiweza. Habari za mateso yako na viazi vya kuchoma baki nazo mwenyewe. Akitaka kuja kuwaona paka, achague yeye kwa macho yake. Akisema bado, rudi Biharamulo ukaoshe mabeseni, na usiniandikie kwamba mshauri amekudanganya.

Gari linaondoka asubuhi. Oga, uvae viatu, upande.

Dada Tecla

BARUA YA PILI, IMETUFIKIA BAADA YA WIKI TANO

Marahaba.

Umeniandika vibaya. Gazeti limesomwa kwa sauti dukani Mabawe, na mtu wa rika la watoto wangu amenipigia simu kuniuliza kama nimeshayaona macho ya paka. Wewe ni mtoto wa nani, nitakuja kuuliza siku moja. Na Nyantakara nilikwenda, lakini usijisifu, nilikuwa nimeshapanga kwenda.

Nilimkuta Melania uani anachambua maharage. Nikasimama. Pancras akasema, "Shemeji, karibu kiti," nikasema nimesimama vizuri. Nikasema kwa lugha yetu. Nilikuwa nimepanga mambo matatu njiani, yakatoka mawili, la kichaka nikaliruka. Melania hakunitazama. Akalitoa yeye.

"Na kile kichaka?"

"Nilijua hamna kitu."

Alikuwa amemaliza ungo mzima, mazuri huku, mabovu huku. Akayachanganya yote pamoja kwa mkono, akaanza upya kuyachambua, moja moja. Nikasimama mpaka yakaisha. Pancras mwenyewe alishindwa, akaingia ndani.

Siku mbili nilikaa pale napewa chakula na mke wa Pancras, Melania anapita kama ninavyopita mimi karibu na kisiki. Siku ya tatu asubuhi akatoka amevaa viatu, akasema, "Twende nikawaone hao paka." Kwenye gari alikaa dirishani, mimi nikakaa nyuma yake.

Suzana akawaleta wa mistari, mmoja mmoja. Melania akashika mkia wa kila mmoja mpaka mwisho. Akasema, "Wangu mkia wake ulivunjika kwenye ncha. Mlango ulimbana. Mlango uliufunga wewe." Akasema, "Hayupo hapa." Suzana akafungua daftari, akatafuta, akasema ni kweli, alikuwapo mmoja wa mkia wa hivyo kutoka kwenye Fuso la ndizi, siku ya pili aliruka ukuta, hawakumwona tena.

Basi paka hayupo, mshauri. Andika hivyo ukitaka. Hata yule wa mguu wa kushoto si yeye.

Nilidhani Melania atageuka arudi Nyantakara. Alikaa kwanza kwenye stuli yangu muda mrefu. Halafu akafunga kitenge kiunoni, akamwuliza Suzana mabeseni yako wapi.

Tangu siku hiyo yuko kwa Happy, na mimi niko kwa Happy, yeye amepewa kitanda na mimi mkeka. Nyumbani haniongeleshi. Lakini kazi ya kutia dawa ya macho haifanywi na mtu mmoja, mmoja ashike paka, mwingine atie, na wale vijana wanashika kwa kubana mpaka paka anararua. Anayejua kushika pale ni mimi. Kwa hiyo kila asubuhi Melania anasema, "Shika." Nasema, "Nimeshika." Anasema, "Kichwa." Nasema, "Hiki hapa." Anatia tone jicho la kulia, anatia la kushoto, anasema, "Mwingine." Paka tisa kila siku, kwa hiyo unaweza kuhesabu maneno ninayopata. Juzi tulipofika wa saba alisimama kidogo akanitazama mikono, imejaa makovu ya kucha, akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Mwingine."

Sijadanganya kitu, na kama hamniamini waulizeni. Yupo Suzana, anaandika kila jambo kwenye daftari hata yasiyomhusu. Yupo Happy, anayenipikia uji. Yupo Pancras wa Nyantakara, aliona maharage yote. Protasi msimuulize, ni mwongo. Na Melania mwenyewe ni shahidi, lakini mpeni muda kidogo, bado hajamaliza kunikasirikia, na mimi sina safari.

Rogasian